Xavier Bosch na saratani ya mlango wa kizazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

F. Xavier Bosch ni nani?

Ni daktari kutoka Catalonia, Hispania, aliyebobea katika epidemiolojia ya saratani, yaani kutafuta nani anaugua, wapi, kwa sababu gani, na nini kingemkinga. Kazi yake kubwa imefanyika mahali pawili. Kwanza ni Lyon, Ufaransa, kwenye IARC, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Kisha ni Taasisi ya Saratani ya Catalonia, ICO, iliyoko L'Hospitalet de Llobregat jirani kabisa na Barcelona, ambako aliongoza utafiti wa epidemiolojia ya saratani kwa miaka mingi.

Jina lake limeshikamana na jambo moja: uthibitisho kwamba karibu kila saratani ya mlango wa kizazi duniani huanzia kwenye virusi vya papiloma, HPV. Kuvigundua ndani ya uvimbe ilikuwa kazi ya wengine. Yeye na wenzake walionyesha kwamba kilichoonekana katika maabara moja ya Ujerumani kinaonekana pia kwa wagonjwa wa Uganda, Bolivia na Thailand, tena kwa kiwango kinachokaribia kulingana. Bila uthibitisho huo hakuna serikali ambayo ingekubali kununua chanjo kwa ajili ya mamilioni ya wasichana.

Je, alianza na saratani hii?

Hapana. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni za saratani ya ini, na mojawapo ilifanyika Eswatini, wakati ule ikiitwa Swaziland. Ilichapishwa mwaka 1987 na kikundi cha IARC. Swali lilikuwa gumu: saratani ya ini ilikuwa nyingi katika baadhi ya maeneo ya nchi ile na chache katika mengine, na washukiwa walikuwa wawili, yaani virusi vya homa ya ini B na sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya.

Watafiti walipima sumukuvu katika chakula kilichochukuliwa majumbani na mazao yaliyochukuliwa mashambani, wakapima damu ya wachangiaji ili kuona alama za homa ya ini B, kisha wakahesabu wagonjwa wa saratani ya ini walioandikishwa nchini kati ya 1979 na 1983. Virusi vilikuwa vimeenea kote: asilimia 86 ya wanaume walikuwa wameshakutana navyo, na tofauti kati ya mikoa ilikuwa ndogo. Sumukuvu, kwa upande wake, ilitofautiana zaidi ya mara tano, kutoka mikrogramu 3.1 hadi 17.5 kwa siku, na saratani ya ini ilipanda na kushuka pamoja nayo. Kitu kilichoenea sawasawa kila mahali hakiwezi kueleza kwa nini mkoa mmoja unaugua kuliko mwingine, hata kama chenyewe ni hatari. Fikra hiyo ilimfaa Bosch baadaye aliposhughulikia mlango wa kizazi.

Kwa nini walilinganisha Hispania na Kolombia?

Kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1980 saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa ikitokea Kolombia karibu mara nane zaidi ya Hispania. Nchi hizo mbili zinazungumza lugha moja, kwa hiyo dodoso lilelile liliweza kutumika. Bosch alifanya kazi hii pamoja na Nubia Muñoz, daktari kutoka Cali, Kolombia, aliyekuwa IARC. Wawili hawa ni vigumu kuwatenganisha katika historia ya HPV, na anayemtaja mmoja bila mwingine anapunguza ukweli.

Walitumia utafiti wa kulinganisha: unachukua wanawake wenye saratani (walikuwa 436), unachukua wengine wasio nayo wa umri unaolingana kutoka jamii hiyohiyo (387), kisha unauliza na kupima makundi yote mawili kwa namna moja. Utafiti wa aina hii huharibika pale kundi la pili linapookotwa popote. Ukichukua, kwa mfano, wauguzi wa hospitali ileile, utapata tofauti kubwa ambazo hazina uhusiano wowote na ugonjwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1992, yaliweka HPV mbele ya mambo mengine yote katika nchi zote mbili.

Utafiti wa nchi 22 ulifanywaje?

Huu ndio uliomtangaza Bosch. Ulichapishwa mwaka 1995 katika jarida la taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Hospitali 32 katika nchi 22 zilichukua vipande vya uvimbe kutoka kwa wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi kadiri walivyofika, bila kuchagua, zikavigandisha na kuvituma. Vilikusanywa zaidi ya 1,000. Afrika iliwakilishwa na Tanzania, Uganda, Algeria, Benin, Guinea na Mali.

Slaidi zote zilipitiwa upya na wanapatholojia, yaani madaktari wanaotambua magonjwa kwa kuangalia seli kwa hadubini, mahali pamoja, ili daktari mmoja asije akaita saratani kitu ambacho mwingine angekiita jina tofauti. Halafu DNA ya kirusi ilitafutwa kwa PCR, njia ya maabara inayonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane.

HPV ilipatikana katika asilimia 93 ya uvimbe, bila tofauti kubwa kati ya nchi na nchi. HPV ina aina nyingi zinazotajwa kwa namba: aina ya 16 ilikuwa asilimia 50, ya 18 asilimia 14, ya 45 asilimia 8 na ya 31 asilimia 5. Aina ya 16 iliongoza kila nchi isipokuwa Indonesia, ambako 18 ilikuwa mbele. Aina ya 45 ilijitokeza zaidi Afrika Magharibi. Katika saratani zinazoanzia kwenye tezi, aina ya 18 ndiyo iliyotawala, na hizo ni saratani ambazo kipimo cha Pap, yaani kuangalia kwa hadubini seli zilizokwanguliwa kwenye mlango wa kizazi, huzikosa kwa urahisi zaidi.

Mbona wengine husema asilimia 93 na wengine 99.7?

Zote mbili ni sahihi, na tofauti yake inafaa kueleweka vizuri kwa sababu mambo yaleyale yanaharibu vipimo vya HPV mpaka leo.

Asilimia 7 waliokosa kirusi mwaka 1995 wangeweza kuwa saratani zisizohusiana na HPV kabisa. Wangeweza pia kuwa makosa ya upimaji. Jan Walboomers na Chris Meijer wa Amsterdam, wakiwa pamoja na Bosch, Muñoz na wengine wa kundi la awali, walivirudia vipande hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Kulikuwa na mitego kadhaa.

Mtego wa kwanza ni kipande chenyewe. Uvimbe mkubwa huwa na sehemu zilizokufa, damu na nyama ya kawaida. Daktari akichukua hapo, bomba la maabara halitakuwa na seli ya saratani hata moja, na jibu litasoma hasi. Dawa yake ni kukata kipande katika tabaka nyembamba zinazofuatana: tabaka la kwanza na la mwisho hutiwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini, na yale ya katikati ndiyo yanayopelekwa kwenye PCR. Kama seli za saratani zinaonekana pande zote mbili, zimo na katikati. Kama hazionekani, jibu la hasi halihesabiwi.

Wa pili ni sehemu ya kirusi inayotafutwa. PCR ya 1995 ilitafuta kipande cha jeni L1 chenye herufi takriban 450. DNA iliyochakaa hukatika vipande vifupi, na kipande kirefu kiasi hicho huenda kisibaki kizima. Isitoshe, kirusi kinapojipachika ndani ya DNA ya binadamu, L1 inaweza kupotea. Jeni E6 na E7 hubaki, kwa kuwa ndizo zinazoiendesha saratani. Kwa hiyo mara ya pili walitafuta pia E7, aina kwa aina, kwa vipande vifupi zaidi.

Baada ya kuondoa vipande visivyofaa na kuunganisha matokeo ya awamu zote mbili, ilibaki asilimia 99.7. Mtu anayenukuu namba hiyo aseme pia kwamba vipande vibovu viliondolewa, vinginevyo anamdanganya msikilizaji bila kukusudia.

Kipo pia kisa cha upande mwingine. Mwaka 2010 Silvia de Sanjosé na wenzake wa ICO, akiwemo Bosch, walichapisha utafiti wa vipande 10,575 kutoka nchi 38, na HPV ikaonekana katika asilimia 85 tu. Vipande hivyo vilikuwa vimehifadhiwa ndani ya nta ya parafini, vingine kwa miongo kadhaa, na muda mrefu kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili) na nta huivunja DNA. Hakuna sababu ya kudhani virusi vilipungua duniani kati ya tafiti hizo mbili. Humohumo aina za 16 na 18 kwa pamoja zilifikia asilimia 71 ya waliokutwa na HPV.

Kwa hiyo hakuna saratani ya mlango wa kizazi isiyo na HPV?

Zipo chache. Baadhi ya saratani za tezi, hasa zile zinazofanana na seli za tumbo, hutokea bila kirusi, na uainishaji wa WHO wa mwaka 2020 unazitenga waziwazi na zile zinazotokana na HPV. Haziubadilishi msingi wa kinga, lakini mwanamke anayetokwa na damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi achunguzwe hata kama kipimo chake cha HPV ni hasi.

Nikiwa na HPV, maana yake nitapata saratani?

La. Bosch na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2002, walikiita kirusi hiki kisababishi cha lazima: zile chache za tezi zikiwekwa kando, pasipo nacho ugonjwa hautokei. Lakini chenyewe peke yake hakitoshi. Maambukizi mengi, takriban tisa katika kumi, hutoweka ndani ya miaka miwili hivi kwa nguvu ya kinga ya mwili. Uchambuzi wa ICO wa mwaka 2007 uliokusanya wanawake 157,879 wenye seli za kawaida ulikuta asilimia 10.4 wana HPV wakati wa kupimwa. Wengi wao hawataugua kamwe. Hatari ipo pale kirusi kilekile kinapong'ang'ania miaka na miaka.

Hata hivyo uhusiano wenyewe ni mzito kuliko karibu wowote unaofahamika katika saratani. Tafiti 11 za kulinganisha kutoka nchi tisa, zilizounganishwa na Muñoz, Bosch na wenzao mwaka 2003, zilikuta HPV kwa asilimia 90.7 ya wagonjwa na asilimia 13.4 ya wasio wagonjwa. Uwiano wa uwezekano, kipimo cha jinsi HPV na ugonjwa vinavyoandamana (1 ikiwa hakuna uhusiano), ulikuwa takriban 158.

Nini kinakifanya kirusi kigeuke saratani?

Kwa wanawake wenye HPV, tafiti hizohizo zilionyesha mambo matatu. Mimba saba au zaidi zilizofikia muda wake ziliongeza uwezekano karibu mara nne ukilinganisha na asiyewahi kuzaa. Vidonge vya uzazi wa mpango havikuongeza hatari kwa waliovitumia chini ya miaka mitano. Kuanzia mitano hadi tisa iliongezeka karibu mara tatu, na kuanzia kumi mara nne. Sigara iliongeza karibu mara mbili. VVU hukiongezea kirusi muda wa kukaa, ndiyo sababu ratiba ya uchunguzi ya wanaoishi navyo ni tofauti.

Mtu asiache vidonge kwa kuogopa namba hizi. Anayefanyiwa uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa wakati amejikinga vizuri, na mimba isiyopangwa nayo ina hatari zake.

Wanaume wanahusikaje?

Wanahusika sana, na Bosch alilionyesha hili mapema. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, kikundi chake kiliwahoji waume wa wanawake wa Hispania, wagonjwa na wasio wagonjwa, na kuchukua seli kutoka kwenye uume. Mwanamke ambaye mume wake alikutwa na HPV alikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kuwa mgonjwa. Idadi ya wapenzi wa mume nje ya ndoa iliuongeza zaidi. Wapo wanawake waliokuwa na mume mmoja tu maisha yao yote wakapata ugonjwa huu. Kwa hiyo kumhukumu mgonjwa kwa tabia ni ukatili, na ni makosa ya kisayansi pia.

Mwaka 2002 Xavier Castellsagué wa ICO, pamoja na Bosch na wengine, walichambua wanandoa kutoka Hispania, Kolombia, Brazil, Thailand na Ufilipino. HPV ilipatikana kwa asilimia 19.6 ya wanaume wasiotahiriwa na asilimia 5.5 ya waliotahiriwa. Tohara inapunguza. Haiondoi.

Kwa nini Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa mwingine?

Mwaka 2008 nusu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba ilipewa Harald zur Hausen, Mjerumani ambaye kikundi chake kilitenga HPV 16 mwaka 1983 na HPV 18 mwaka uliofuata. Nusu ya pili ilikwenda kwa Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier kwa kugundua VVU. Kamati iliheshimu ugunduzi wa kirusi. Kuthibitisha kwamba kirusi hicho ndicho kisababishi kwa wanadamu wa kila bara ni kazi ya aina nyingine, ya watu mamia, na tuzo hiyo haina namna ya kuigawanya.

Utafiti huu ulibadilisha nini kwenye chanjo?

Uliwaambia watengenezaji waanze na aina zipi. Kwa kuwa 16 na 18 hubeba karibu asilimia 70 ya saratani hizi duniani, chanjo za kwanza, zilizoidhinishwa kuanzia 2006, zililenga hizo. Chanjo ya aina tisa iliongeza 31, 33, 45, 52 na 58, na hapo kinga hufika karibu asilimia 90.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Rwanda ilianza chanjo ya kitaifa mwaka 2011, na Tanzania nchi nzima mwaka 2018. Ushahidi wa dozi moja umetoka kwa sehemu kubwa hukuhuku: utafiti wa KEN SHE wa Kenya, wenye wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina za 16 na 18 baada ya miezi 18, na utafiti wa DoRIS wa Mwanza ulifuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Hizi si kazi za Bosch, lakini zimejengwa juu ya msingi uleule. Tangu Desemba 2022 WHO inakubali dozi moja au mbili kwa umri wa miaka 9 hadi 20 na dozi mbili kuanzia 21. Mwenye VVU apate angalau mbili, na tatu ikiwezekana.

HPV-FASTER ni nini?

Ni pendekezo la Bosch na wenzake la mwaka 2016: tusisubiri wasichana waliochanjwa wakue ndipo ugonjwa upungue. Wanawake wa miaka 9 hadi 45 wachanjwe, na wale waliofikisha 25 au 30 wapimwe HPV hapohapo, angalau mara moja. Anayekutwa nayo anafuatiliwa na kutibiwa. Ugumu ni gharama na upatikanaji wa chanjo. Pale chanjo ilipo haba, wasichana wadogo wanastahili kutangulizwa, kwa sababu haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia.

Kipimo cha HPV kinafanywaje, na kinakosewa wapi?

WHO inapendekeza kipimo cha DNA ya HPV kianze miaka 30 na kurudiwa kila miaka 5 hadi 10. Kwa mwenye VVU kinaanza miaka 25 na kurudiwa kila miaka 3 hadi 5. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe: ananawa mikono, anatoa kijiti au brashi bila kugusa ncha, anachuchumaa au anaweka mguu mmoja juu ya kiti, anaingiza taratibu ukeni hadi alama iliyoonyeshwa, anazungusha kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo (mara nyingi sekunde 10 hadi 30), kisha anaingiza ncha kwenye chupa papo hapo na kufunga.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuzungusha haraka mno au kuiacha ncha ikauke nje. Mashine nyingi hutafuta pia jeni ya binadamu ndani ya sampuli. Isipoonekana, jibu huwa “batili”, maana yake seli hazikutosha. Batili si hasi: sampuli irudiwe. Kusoma batili kama hasi ni kulirudia tatizo lilelile la asilimia 7 za mwaka 1995, safari hii kwa mwanamke aliye hai anayesubiri jibu.

Jibu chanya linahitaji hatua ya pili, siyo hofu: mlango wa kizazi unaangaliwa, kwa kupakwa siki inayofanya sehemu zilizobadilika ziwe nyeupe au kwa kolposkopi (kifaa cha kukuza picha), na mabadiliko yakiwepo yanatibiwa kwa joto, kwa kugandisha au kwa kuondoa sehemu iliyoathirika. Uchunguzi wa siki haufai sana baada ya kukoma hedhi, kwa kuwa eneo linalopaswa kuonekana huwa limejivuta ndani.

Nikitafuta makala zake, nijihadhari na nini?

Majina. “Bosch FX” ni pia mtafiti wa Heidelberg aliyeandika juu ya HPV na saratani za kichwa na shingo, na yupo daktari mwingine wa Barcelona anayeitwa Xavier Bosch. Angalia taasisi: IARC, ICO au L'Hospitalet. Kwa takwimu za nchi moja moja, kituo cha taarifa za HPV cha ICO na IARC hutoa ripoti bure, zikiwemo za Tanzania, Kenya na Uganda. Kabla ya kunukuu, soma kama namba imetoka kwenye rejista ya saratani ya nchi yenyewe au imekadiriwa kutoka nchi jirani. Ripoti husema, lakini kwa maandishi madogo chini ya jedwali.